Boma la Karatasi

Darasa letu la chekechea lina mikasi miwili, na mmojawapo haukati chochote. Kwa hiyo watoto wangu huchana karatasi kwa vidole. Zamani nililalamika, siku hizi nimeacha, kwa sababu mtoto wa miaka minne anayechana karatasi polepole akifuata mstari anapata nguvu ya kushika penseli. Karatasi zenyewe hutoka popote: kalenda za mwaka uliopita, pakiti za unga, mifuko ya saruji iliyokung'utwa na kupanguswa. Gundi ni uji wa muhogo uliopikwa ukawa mzito. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chai hulamba gundi kwanza ndipo abandike, nami hujifanya sijaona, nikapika nyingine.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania, niliyeolewa kwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga. Watoto hukicheka Kijaluo changu, basi darasani kila mmoja hutumia lugha anayoiweza na tunaelewana.

Muhula ule tulikuwa na mada ya nyumbani. Tulikunja nyumba: karatasi ya mraba, ikunje katikati, pembe mbili za juu zishushe zikutane, paa hilo. Mlango unachanwa kidogo kando ili ufunguke. Kesho yake nilitandika sakafuni mfuko wa saruji uliopasuliwa, nikabandika vipande vya kijani kuuzunguka kama ua wa mnyaa, nikaacha nafasi ya lango. Nikawaambia kila mtu abandike nyumba yake anapopenda.

Nilikuwa nimekaa katika boma la mume wangu muda wa kutosha kujua kwamba nyumba ya Mjaluo haikai inapopenda. Lakini sikudhani watoto wa umri ule nao wanajua.

Msichana mmoja ambaye mdomo wake haujui kupumzika alipiga magoti juu ya mfuko. "Hapo si pako! Hapo ni kwa mama mkubwa, panatazama lango. Wewe ni mvulana, nenda langoni ujenge simba."

Mama mkubwa ni mke wa kwanza wa mwenye boma. Simba ni nyumba ya kijana aliyebalehe, na hujengwa karibu na lango la baba yake. Wavulana walihamia langoni bila kubisha, wakaanza kusukumana juu ya nani kifungua mimba.

"Na wewe utajenga wapi?" mmoja alimuuliza yule msichana.

"Mimi nitaolewa. Yangu nitaenda nayo."

Kulikuwa na mvulana mmoja mpole, anayelelewa na nyanya yake mzaa mama. Mama yake alimzaa akiwa bado kwao, baadaye akaolewa upande wa Muhuru Bay, mtoto akabaki. Nyumba yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Aliiezeka kwa karatasi ya biskuti inayong'aa ndani, ili iwe ya mabati. Alikuwa ameshachovya kidole kwenye gundi, anainama langoni, wakati mvulana anayeketi kando yake darasani alipomshika mkono.

"Wewe hapana. Hapa ni pa watoto wa boma. Dani yangu alisema wewe utajenga barabarani."

Dani ni nyanya. Wengine wakadaka neno: "Barabarani! Barabarani!" wakalipigia makofi. Hawakuwa na chuki. Walikuwa wakirudia yanayosemwa jikoni mtu akidhani watoto wamelala. Kwa mila, mtoto aliyezaliwa na binti akiwa kwao hajengi ndani ya boma la babu mzaa mama. Liko hata neno la kumwita mtoto kama huyo, nami sitaliandika.

Hakulia. Alifuta gundi kwenye kaptura, akanigeukia. "Mwalimu, ni barabara gani?"

Nilimwambia abandike tu, boma hili ni la mwalimu. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mgeni asiyeelewa mambo, akaitia nyumba yake ndani ya sweta.

Kesho yake hakuja shule. Siku iliyofuata alikuja na nyanya yake, ambaye huanika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni. Magamba yalikuwa bado yanang'aa mikononi mwake. Mtoto alibaki mlangoni, nyumba mkononi, imekunjamana.

"Nyar Kuria," nyanya alisema. Maana yake ni binti wa Wakuria, na ndivyo kina mama wa hapa wanavyoniita. "Huyu ameniuliza jambo ambalo nilitaka aniulize akiwa na ndevu. Nionyeshe hiyo karatasi yenu."

"Dani, unisamehe, watoto walisema tu..."

"Watoto hawakusema uongo. Ndiyo maana nimekasirika."

Nilikuwa nimelitundika boma ukutani, watoto wakiwa wameshaliongezea choo na kuku. Alilisogelea, akalitazama muda mrefu, nami nikajiandaa kumwona akilichana. Badala yake akaanza kucheka, kicheko cha puani.

"Hizi simba zote ni za nani?"

Wavulana wakanyoosha mikono kwa fahari. Akamwita mmoja, na kumbe ndiye yule yule aliyetaja barabara. Akamshika kidevu, akakigeuza upande wa dirisha, kisha upande wa pili.

"Ndevu ziko wapi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Jana ulilala wapi, mzee?"

"Kwa dani."

"Na wewe? Na wewe?" Kwa dani. Kwa dani. Mmoja alisema kwa mama. "Huyo bado ananyonya, mwacheni." Akagonga ule mfuko wa saruji kwa kidole. "Sasa kwa dani ni wapi hapa? Mmejenga boma zima, choo nakiona, kuku nawaona, halafu usiku nyote mtalala nje, kiboko akitoka ziwani awakute."

 Watoto walikuwa wanajua, na mimi nilikuwa najua: mila ile ile inalaza watoto wote wadogo wa boma nyumbani kwa nyanya, wa mwana na wa binti, bila kuulizana baba.

Mvulana akatoka mlangoni. Aliinyoosha nyumba yake juu ya paja, akaileta. "Hii ni ya dani," alisema.

Yule msichana alifikiri, akaibandua nyumba ya mama mkubwa na kuisogeza kidogo. Gundi ikapakwa. Nikawagawia pakiti za unga, kila mtu achane mtu wake wa kulala mle ndani. Wa kwanza kumaliza alikuwa yule aliyetaja barabara, akagonga mlango wa karatasi kwa kidole.

"Nifungulie."

"Nani?" aliuliza yule mvulana mpole.

"Mimi."

"Mimi nani? Mjukuu wa nani?"

Ikabidi amtaje nyanya yake, jina lote, mbele ya darasa, ndipo mlango ukafunguliwa.

Nilimsindikiza dani hadi nje. "Amepata mahali," nilisema.

"Leo, ndiyo. Nyumba ya dani huisha dani akifa, Nyar Kuria, hilo unalijua." Alikuwa akijikwaruza magamba kwa ukucha. "Wajomba zake wanakuja Desemba. Nitawaomba kipande upande wa ziwani. Nje ya ua, sawa, lakini si barabarani. Wakikataa, wataniambia sababu wakinitazama usoni, na mimi ndiye niliyewazaa."

Akaenda zake kugeuza omena kabla jua halijawa kali. Nilirudi darasani nikitaraji kumkuta mjukuu wake dirishani akimtazama anavyoondoka. Hakuwa na nafasi. Nyumba ilikuwa imejaa, watu wa karatasi wanatokeza miguu nje ya mlango, naye alikuwa akiwagombeza wenye nyumba wasogee, kwa kuwa kuna mwingine bado anapiga hodi.