Deolinda Anangoja Malasada

Deolinda alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni wa mtu aliyesimama mbele ya karai la mafuta kwa miaka arobaini na moja, kila Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, akiwakaangia malasada watu wasiojua hata kukwaruza ganda la limau.

Malasada ni maandazi, sawa, lakini usimwambie hivyo mwanamke wa kisiwa cha São Miguel. Unga hukandwa kwa mayai, maziwa, ganda la limau lililokwaruzwa na tone la pombe kali, hupigwa ishara ya msalaba, hulazwa chini ya blanketi kama mtoto mwenye homa, na juu ya blanketi sharti liwekwe koti la mwanamume. Bila koti hauumuki, hata ukeshe ukiubembeleza. Ukishaumuka unatandika kitambaa gotini, unanyoosha donge juu yake mpaka katikati panakuwa pembamba, halafu mafutani, halafu sukari. Siku Deolinda alipoletwa bibi harusi, mama mkwe alimtazama miguu akasema, "Huyu kajaliwa magoti," na shauri likaishia hapo. Tangu siku hiyo ukoo mzima wa mume, pamoja na nusu ya mtaa, walikula kwa magoti ya Deolinda. Yeye mwenyewe alikula ile ya mwisho, imeshapoa, kasimama, huku anakwangua karai.

Mumewe, Hermínio, alifariki mwezi wa Novemba. Na jiko la marehemu halikaangi malasada mpaka mwaka upite. Nyumba nyingine za ukoo ruksa, ila ile ya mjane, majirani ndio wanaoipelekea. Deolinda alimlilia mumewe kwa haki, mtu asije akamsingizia. Waliishi vizuri, yeye na Hermínio na ng'ombe wao. Lakini tangu Januari kuna wazo lilimwingia, na aliona haya kulitaja hata kwa padri: mwaka huu ataketi, na mtu atamletea sahani. Malasada ya moto, iliyokaangwa na mkono usio wake. Hakutaka kingine.

Basi Jumanne akavaa nguo nyeusi safi, akasogeza kiti dirishani, akaketi. Saa tatu asubuhi mtaa ulianza kunukia mafuta. Saa tano watu walipita na sahani zilizofunikwa vitambaa, wakamwinamishia vichwa kwa heshima, wakaendelea na safari zao. Saa saba alikuwa bado hajatia kitu mdomoni, maana hakutaka kujishibisha kwa supu.

Akapita Eduína, jirani wa nyumba ya tatu, amekumbatia trei tupu.

"Pole na upweke, mwenzangu. Umekula?"

"Bado."

"Bado nini, na sahani zote hizo ulizoletewa! Mimi nimesema nisikuongezee, utazimalizia wapi? Najua wifi yako Natércia kashakujazia meza."

"Kashanijazia," akajibu Deolinda, na meza nyuma yake ilikuwa tupu kama kiganja.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kila nyumba ilidhani nyumba ya pili imeshapeleka, na zote zilimdhania Natércia, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukaanga hata yai likatoka na kiini chake. Deolinda alitaka kucheka, akaona hata kucheka ni kazi.

Saa nane hodi ikapigwa. Natércia akaingia na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Deolinda aliinuka, akapangusa meza isiyo na vumbi, akatoa sahani. Natércia akaweka beseni chini na kufunua. Ndani ulikuwamo unga mbichi, umelala chali, hauna hamu ya dunia.

"Umekataa kuumuka," akasema Natércia. "Na mimi koti nitalitoa wapi? La mume wangu liko Kanada, na mwenyewe yumo ndani yake. Niazime la kaka. Halafu ukishaumuka, wifi yangu, uje kwangu uninyooshee. Kwangu hakuna mwiko."

"Umeniletea unga."

"Nimeshaukanda! Kazi ngumu imekwisha."

Mikono ya Deolinda ilikuwa imeshaanza kupandisha mikono ya gauni, yenyewe, bila kutumwa. Akaitazama. Akaishusha.

"Hapana."

Natércia alisubiri, kwa kuwa hapana ya Deolinda siku zote ilifuatwa na lakini. Safari hii haikufuatwa na kitu.

"Koti chukua," akasema Deolinda. "Mimi sitoki hapa."

"Wifi, kuna watu wanane kwangu wananingoja."

"Na mimi nangoja. Nimekaa hapa tangu asubuhi nangoja mtu aniletee malasada. Miaka arobaini na moja mmekula kwangu, Natércia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mimi nimekula. Nimechoka. Nimechoka na ninyi nyote."

Alisema taratibu, maana nguvu za kupaza sauti hakuwa nazo. Natércia akachukua koti, akachukua beseni, akatoka amebenua midomo, mlango akauacha wazi. "Msiba umemvuruga akili," alisikika akimwambia Eduína huko nje.

Ilibidi Deolinda ainuke mwenyewe kufunga mlango. Aliporudi kitini alijiona mtu mbaya. Mara mbili alichukua shali amfuate, mara mbili akalirudisha msumarini.

Saa kumi na moja mlango ukasukumwa kwa mguu. Natércia alikuwa na unga nyweleni, na mkono mmoja kaufunga kitambaa kilicholowa maji. Akatua sahani ya malasada tano, mbili zimeungua, moja ina tundu la kupitisha kichwa cha paka.

"Usiniseme."

"Sijasema."

Deolinda akala ameketi. Ya kwanza nje ilikuwa kaa, ndani uji, mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa ya moto. Machozi yakamtoka na hakuyafuta, vidole vilijaa sukari.

"Mbaya kiasi hicho?" Natércia akauliza kwa hofu.

"Mbichi katikati. Sogeza sahani."

Natércia akashusha pumzi. "Basi tuvumilie. Mwakani msiba utakuwa umekwisha, utatukaangia mwenyewe."

Deolinda akatafuna ya pili mpaka akaimaliza.

"Mwakani utaniletea tena," akasema. "Ila uziache mafutani kidogo zaidi."

Natércia akautazama mkono wake ulioungua, kisha akavuta kiti, akaketi.