Samaki wa Baba na Maji Baridi

Sebule yetu ilinuka bahari, na sisi tulikaa Nyakato, Mwanza. Nje, upepo ukigeuka, ilikuja harufu ya viwanda vya samaki, harufu nzito ya sangara na mafuta ambayo iliganda kwenye nguo zilizoanikwa. Ukifungua mlango wa kwetu ilikupokea harufu nyingine kabisa, ya chumvi na mwani, na wageni walikuwa wakisimama mlangoni wakinusanusa kabla hawajapiga hodi sawasawa. Lilikuwa ni tangi la samaki la baba, la kioo pande zote, refu kuliko kochi letu. Baba alikuwa Mbondei wa Tanga, fundi wa mitambo ya kugandisha kiwandani, na sidhani kama aliwahi kuizoea Mwanza. Alikuwa akisema ziwa ni zuri lakini halina ladha. Mama, Mjita aliyezaliwa kandokando ya ziwa hilohilo upande wa Musoma, alimjibu aende basi akaoe huko kwenye ladha. Wataniane hivyo, wacheke, waanze upya, mpaka ugali unapoa na sisi watoto tunawangoja.

Samaki wenyewe walikuja kwa ndege kutoka kwa Mzee Hatibu, rafiki wa baba tangu utoto, ambaye kazi yake ilikuwa kuzamia baharini na kuwakamata wakiwa hai. Walifika ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa ikawa migumu, na baba aliipakata kwenye teksi kutoka uwanjani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kulikuwa na vitatange wawili, bapa, wa njano yenye mistari myeusi, na wadogo wengine wa rangi ya machungwa waliokuwa wakijificha muda wote. Mtaani kwetu walituona wendawazimu. Samaki ni wa kula, sasa huyu anayefugwa kwenye maji ya chumvi, huku ziwa liko pale, ni wa nini? Nyumbani hata neno samaki ilibidi ulifafanue, wa sebuleni au wa jikoni, maana mdogo wangu aliwahi kusikia kwamba samaki wanakaangwa akaangua kilio mpaka akatapika.

Nilikuwa darasa la nne baba alipolazwa hospitali. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya njano, na mikono yake iliyokuwa ikifungua nati kwa nguvu ikawa haiwezi kushika kikombe. Kila tulipokwenda kumwona, swali la kwanza lilikuwa la samaki. Wanakula? Maji yamepungua? Mwanzoni mama alikereka, akaniambia njiani kwamba watu wanamwombea kanisani na yeye anaulizia vitatange. Baadaye akaacha kukereka. Nadhani alielewa kuwa hilo ndilo swali pekee ambalo mumewe angeweza kuuliza akapata jibu zuri. Akaniambia mimi, na akasema kama anayekula kiapo, kwamba baba yenu akirudi atawakuta samaki wake wote hai, hata kama sisi hatutalala.

Wiki iliyofuata wakaanza kuumwa. Asubuhi moja tulikuta vidoa vyeupe vimewatapakaa mapezi na mgongo, vidogo kama chembe za chumvi. Mama alidhani ni chumvi kweli imewagandia, akafurahi akidhani maji yamekolea vizuri. Lakini wakaacha kula, wakawa wanajisugua mchangani na kupumua haraka haraka. Ikabidi apigiwe Mzee Hatibu. Mama alisimama juu ya ngazi ya nyuma, penye mtandao, simu ya tochi imebanwa sikioni, akipaza sauti kana kwamba Tanga ni ng'ambo ya barabara. Alikuwa akimwogopa kidogo Mzee Hatibu kwa sababu ya Kiswahili chake cha pwani, kile cha kuteleza, ambacho yeye alisema kinampita kabla hajakikamata. Hakupenda kumrudisha nyuma mtu mzima kila mara. Aliitikia ndiyo, ndiyo shemeji, halafu akashuka kunieleza nusu aliyoisikia.

Tulichotakiwa kufanya kwanza ni kuwatenga wagonjwa kwenye tangi lao peke yao. Baba alikuwa na tangi dogo la akiba stoo, tukalisugua kwa maji tu bila sabuni. Humo hatukuweka mchanga wala jiwe. Tuliweka kipande cha bomba la plastiki, ili samaki mwenye hofu apate pa kujificha, pampu ya hewa, na kile chuma cha kupasha maji joto. Chumvi ilikuwa ile ya kwenye gunia la baba, siyo ya jikoni, nayo tuliikoroga kwenye ndoo mpaka kipimo kikaelea pale kilipoelea siku zote. Kisha dawa, ya bluu, ndugu ya ule mrututu ambao babu alikuwa akiwatia ng'ombe kwenye vidonda. Mama aliihesabu kwa matone huku midomo yake ikitembea. Sikuwahi kumwona akipika kitu kwa makini namna ile. Alipomaliza akafunika kioo kwa khanga yake mwenyewe, wapate giza, wapumzike, akakaa chini karibu nao akashika tama.

Dawa haikuwasaidia upesi. Kitatange mmoja akawa anaelea upande upande, na baba pale hospitali naye alikuwa akizidiwa. Mama akapanda tena kwenye ngazi. Safari hii nilisimama karibu, nikasikia sauti ya Mzee Hatibu ikikatikakatika. Alisema, "Waogeshe maji baridi, shemeji. Muda mfupi tu, kisha warudishe. Vile vijidudu maji baridi havivumilii." Mama akamshukuru sana. Hatimaye alikuwa amesikia kitu akakielewa chote, bila kupitwa na neno.

Tukaenda moja kwa moja kwenye geti la kiwanda. Wenzake baba walituonea huruma, wakatujazia mfuko wa sandarusi barafu, ile laini ya kufunikia minofu, wakatupa na salamu za mgonjwa. Tulibeba tukipokezana, maji yakituchuruzikia miguuni, na mama alikuwa karibu anakimbia. Nyumbani aliteka maji ya chumvi kwenye beseni, maana samaki wa bahari haishi bila chumvi, hata mimi nilijua hilo, akayatia barafu, akayakoroga mpaka mkono wake ukawa mwekundu. Akawashusha mmoja mmoja kwa kile kichujio cha wavu cha baba. Walistuka mara moja tu. Kisha wakalala ubavu, rangi ikawa inawatoka tunawaangalia, ile njano ikawa kama karatasi ya zamani. Tuliwarudisha haraka kwenye maji yao ya joto, mama akiwasukuma mbele kwa kidole wapitishe maji mdomoni, akiwaambia kwa Kijita maneno ambayo huwa anamwambia mtoto mwenye homa. Hadi jua linaelekea magharibi hakuna aliyebaki hai. Roho iliniuma, lakini kilichoniogopesha ni mama, aliyekaa na beseni mapajani na hakutaka kulimwaga.

Hakutaka kumdanganya baba. Kesho yake alimwambia yote, kuanzia tangi la kutengea mpaka beseni, na baba alisikiliza akiwa amelala chali. Aliuliza kitu kimoja tu, barafu tuliipata wapi. Mama akasema, "Kiwandani kwako. Walitupa kwa moyo, kwa ajili yako." Baba alifumba macho. Kisha akageuka taratibu, kwa shida, akaelekea ukutani, na mama akabaki anautazama mgongo wake. Alingoja. Mwishowe akakusanya vyombo akaenda kuviosha bombani nje. Hapo baba akaniita, bila kugeuka, nikazunguka kitanda. Alikuwa analia. Aliniambia, "Rehema, kwetu maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Haya haya ya ziwa." Halafu akanishika mkono. "Usimwambie mama yako. Amehangaika sana."

Dirisha la wodi lilitazama ziwa, maji baridi mpaka macho yanapoishia, na sisi tulikuwa tumeyapita kwa miguu kwenda kutafuta barafu. Baba alifariki kabla ya Jumapili. Tangi liliuzwa, sebule ikarudi kunuka kama sebule za watu wengine, na mimi sikusema. Nilikua nikiamini nimeachiwa kitu cha thamani cha kumlinda nacho mama.

Sasa mama anakaa nami Mabatini. Siku hizi mambo ni rahisi hadi yanatia hasira. Nimeona kwenye simu yangu watu wakionyesha hatua kwa hatua namna ya kuwatenga samaki wa bahari wakiugua, na jinsi ya kuwaogesha dakika chache kwenye maji yasiyo na chumvi, na usipoelewa unarudisha nyuma unaangalia tena, humkeri mtu. Mwezi uliopita binti yangu Nyamisi alikuwa akisoma kwa sauti kitabu chake cha sayansi, mama akichambua mchele kwenye ungo. Akasoma kwamba sato na sangara ni samaki wa maji baridi. Mama akamwambia arudie. Akarudia. Mama akamuuliza, maji baridi ni yapi, na mtoto akamjibu kama anayemfundisha mdogo wake, kwamba ni haya ya ziwa, bibi, yasiyo na chumvi.

Mama hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Baba yako alijua?"

Sikuweza kudanganya. Nilimwambia alijua, kwamba aliniambia siku ile ile, na kwamba alinikataza kusema kwa kuwa alimwonea huruma. Mama alingoja Nyamisi afunge kitabu na kutoka nje. "Alinigeuzia mgongo, Rehema," alisema. "Mimi najua mume wangu alikufa amenikasirikia. Ndicho nilichokijua mpaka leo." Nikamwambia alikuwa analia, alijificha asimwone. Nilidhani hilo lingemfariji. Alichota mchele kwenye ungo akauachia uanguke, akauchota tena.

"Angesema tu pale pale," alisema. "Tungelia kidogo, halafu tungecheka. Mimi na yeye tulikuwa tunacheka kila kitu."