Kitanda Ndani ya Gari ya Mkwe

Mimi sikusoma. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Suneka nikiuza ndizi, kwa hivyo mkisikia kimepinda mahali, mjue hapo mteja alikuwa anabishana na mimi. Lakini sauti za watu ninazo zote. Mtu akiongea mbele yangu mara moja tu, huyo nimemweka, nitamtoa siku nikitaka kucheka. Marehemu mzee wangu, mume wangu, alikataa kabisa kukaa karibu na mimi kanisani. Alisema mhubiri akianza tu, midomo yangu inaanza kumfuata.

Sasa, binti yangu alipiga simu kutoka Nairobi. Yeye kwa simu anaongea polepole kama anambembeleza ng'ombe asipige teke.

"Mamaaa. Tunakuja likizo. Tunakuja na gari."

"Si kila mara mnakuja na gari?"

"Hii ni ya kulala ndani, mama."

"Kwani nyumba ya Nairobi imeanguka?"

Akacheka, akanieleza. Mume wake alinunua gari kuukuu iliyokuwa inabeba mkate. Kila Jumamosi mwaka mzima anaingia ndani na msumeno. Ametengeneza kitanda, ameweka sinki ndogo, jiko la gesi na dirisha juu ya paa. Sasa wanataka kuzunguka milima ya chai ya Nyamira. Mahali macho yamependa, wanasimama, wanapika, wanalala, asubuhi wanaenda mbele. Mkwe wangu akachukua simu kidogo, nikasikia sauti yake ya Nairobi ile ya haraka, inaruka kama mafuta kwa karai: "Mama ni rodtripu tu, tunaenjoi milima, hewa fresh, hakuna stress!"

Nikajiambia, hii milima nimeiangalia tangu nizaliwe, nimepanda na kuni mgongoni, na hakuna siku mtu aliniita mtalii.

Lakini hapo hapo nikamkumbuka dada yangu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Ikonge. Sisi tulizaliwa upande wa Manga, chini ya ule mwamba mrefu. Tukiwa wasichana tulikuwa tunapanda juu kutafuta kuni, na asubuhi ikiwa safi tunaona kitu kinang'aa mbali sana kama sufuria imeachwa kwa jua. Mama yetu alituambia hilo ni ziwa. Tukaolewa, kila mtu na upande wake, hakuna mtu alirudi pale juu. Sasa dada mgongo umekataa. Hawezi kukaa kwa kiti, hawezi kupanda pikipiki, matatu hata usiseme. Analala tu, akiwa amelala hana shida, mdomo unafanya kazi vizuri. Kila nikimpigia anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto:

"UKO? Mimi nitakufa nikiangalia hii paa? Nimehesabu misumari yote! Nipeleke Manga nione lile ziwa!"

"Nikubebe mgongoni?"

"Ulibeba ndizi, mimi nitakushinda?"

Basi mtu akinitajia gari yenye kitanda, mngetaka niwaze nini kingine?

Nikamwambia binti yangu: hiyo rodtripu yenu ipitie Ikonge, dada yangu alale nyuma, tumpeleke Manga. Binti akauliza, "Mama, na ensoni?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiruka hiyo ensoni kama shimo la njia.

Kwetu Wakisii, mama mkwe na mkwe wana ensoni, ile heshima ya kuoneana haya. Simpi mkono. Silali kwake. Kitanda chake sifai kuona hata mguu mmoja. Na dada yangu ni mama mkwe vilevile, tena mkubwa kuliko mimi. Watu wa siku hizi wanasalimiana na wakwe kama marafiki wa soko, lakini mimi nilishika ile ya zamani. Hata kuongea naye naongea kupitia binti yangu, naye amesimama pale pale ananisikia. Nitasema ukweli, inanifurahisha pia.

Wakafika. Gari imepakwa rangi ya kijani, imeegeshwa karibu na migomba yangu, kidogo ifanane nayo. Nikatoa viti nje ili tupange safari. Binti yangu katikati, mimi huku, mkwe kule.

"Mwambie mumeo," nikasema, "karibu."

"Asante mama," mkwe akasema.

"Mwambie sijamwambia yeye."

Akatoa simu, akamwonyesha binti yangu barabara imechorwa kwa rangi ya bluu. Kutoka Suneka, Kisii mjini, halafu Nyamira, Sironga, Ikonge. Akataja mahali pa kusimama: hapa ni kuzuri kwa picha, hapa jua linatua vizuri. Mimi nikawapangia ya kwangu. Sironga tusisimame, kuna binamu yangu pale, akituona tutalishwa mpaka jioni na safari imekufa. Ikonge tufike mapema kabla umande haujaisha, dada hapendi joto. Kisha turudi tupande Manga. Mkwe akasikiliza vizuri, sitamsema vibaya. Kila nikimaliza anasema, "Sawa, sawa, iko poa."

Halafu furaha ikamshinda. Mwanamume akitengeneza kitu kwa mikono yake, hawezi kuketi karibu nacho kama hakijaonekana. Binti yangu alikuwa amemwonya toka wakiwa njiani Narok: nyuma usifungue mama akiwa karibu. Lakini mkwe amezaliwa Nairobi, huko vitanda vinauzwa kando ya barabara kila mtu anaviona. Akaruka, akashika mlango wa nyuma.

"Mama, cheki sasa!"

Paa! Mlango wazi.

Nikavuta leso usoni, nikageuka, nikaingia kwa migomba mbio. Mimi, na haya magoti! Nikasikia binti yangu nyuma anapiga kelele, "Funga! Funga! Wewe nilikuambia nini?" Na mkwe, "Kwani nimefanya nini?"

Watu wakiniuliza nasema sikuona kitu. Niliona tu shuka la bluu lenye maua, mito miwili, mmoja umebonyea, na taa ndogo ya kusomea. Zaidi ya hapo, hapana.

Nilikaa kwa migomba nikicheka ndani ya leso. Lakini kicheko kikakatika, maana upande wa pili nilimwona shemeji yangu amesimama kwa njia. Huyu ni kaka mkubwa wa mzee wangu, ndiye amebaki mkubwa wa boma, na alikuwa ameona yote. Anatembea na fimbo na anaongea na fimbo pia. Neno moja, fimbo chini. Neno moja, fimbo chini.

"Hiyo. Gari." Tok. "Iko. Na. Kitanda." Tok.

"Nasikia iko nacho," nikasema.

"Kitanda. Cha. Mkwe."

Akaja akaketi kwa kiti changu. Akasema gari yenye kitanda cha mtu ni nyumba ya huyo mtu. Ikisimama ni nyumba, ikitembea ni nyumba. Mama mkwe hapandi. Na yule wa Ikonge kulala pale juu? Akapiga fimbo mara nyingi bila neno lolote, hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mkwe akajaribu. Maskini, alijaribu. "Mzee, hiki kitanda kinakunjwa! Ukivuta hapa kinakuwa meza!"

Shemeji akamwangalia. "Unalala. Kwa. Meza?"

"Usiku, ndiyo."

"Hiyo. Ni. Tabia. Ingine."

Nilikuwa nyuma ya binti yangu, nikamwuma bega ili nisilie kwa kucheka. Lakini ndani sikuwa nacheka. Nilimjua dada yangu. Nilikuwa nimeshamwambia tunakuja. Alikuwa ameshasukwa nywele. Nikimpigia nimwambie hapana, hatapiga kelele. Atasema tu "haya", sauti ya chini, na hiyo sauti mimi siwezi kuiga wala sitaki kuijua.

Nikauliza, "Mwambie shemeji yangu, na kama kitanda hakimo?"

"Shemeji yako hana ensoni na wewe, ongea naye mwenyewe," binti akasema, amechoka na sisi sote.

"Shemeji, na kama kitanda hakimo?"

Fimbo ikakaa hewani. Akafikiri. Mdomo wake unatembea akifikiri, kama anatafuna muwa.

"Kama. Hakimo. Ni gari ya mkate." Na hiyo aliisema yote pamoja.

Sasa sisi wote tukamwangalia mkwe. Hapo sikuongea, hata kupitia kwa mtu. Kitanda ni chake, jasho ni lake, likizo ni yake. Ile rodtripu alikuwa ameiota mwaka mzima akisikia harufu ya mbao. Aliangalia gari. Akapitisha mkono kichwani. Aliingia ndani akaketi, nadhani kwa kitanda, mimi nilikuwa nimegeuka. Tukasikia kuku tu.

Kisha sauti ikatoka ndani, na mara hii haikuwa ya haraka.

"Babe, niletee bisibisi."

Aliking'oa chote. Ubao kwa ubao. Nilikaa na mgongo kwake muda wote nikimenya ndizi, na kila skrubu ikidondoka shemeji anaitikia, "Eeh. Eeh." Nilimenya ndizi za kulisha harusi.

Shida ingine ikaja: kitanda kiwekwe wapi? Kwangu hapana, nitalalaje na kitanda cha mkwe ndani? Shemeji naye, "Mimi. Pia. Ni. Mkwe. Wake." Tulitafuta boma lote, kila nyumba iko na mtu anayemwonea haya. Mwisho kikaachwa nje chini ya mparachichi, kimefunikwa na turubai, na kuku wangu mwenye kiburi akaingia chini akataga hapo. Yeye hana ensoni na mtu.

"Na sisi tutalala wapi sasa?" binti yangu akauliza.

"Mwambie mumeo kuna hema," nikasema. "Nimeona hema pale kando ya mito."

"Mama! Ulisema hukuona kitu!"

Asubuhi tukaondoka. Mimi mbele na binti yangu, yeye katikati kama ukuta, mkwe kwa usukani. Nyuma hakuna kitu isipokuwa godoro la nyumbani kwangu na blanketi yangu. Chai ya Nyamira ilikuwa imelowa, kijani mpaka macho yanauma. Mkwe akasema, "Mama, angalia view!" Nikasema, "Mwambie naijua, nimeichuma." Sironga nikainama chini ya dirisha mpaka tumepita kwa binamu.

Ikonge, dada alikuwa amelala kwa mlango wake, amevaa nguo ya kanisa na viatu. Viatu, na hatembei! Watoto wake walimbeba na shuka lake. Walipofika kwa gari akainua mkono wasimame. Akachungulia ndani, huku na huku, kama mteja anatafuta ndizi iliyooza.

"KITANDA KIKO WAPI? Niliambiwa kuna kitanda!"

"Kuku analalia," nikamwambia.

"Haya. Ingizeni mama yenu."

Njia ya kupanda Manga ilimrusha, na kila shimo alimpigia mkwe kelele bila kumtaja. "MWAMBIENI DEREVA hilo lilikuwa shimo!" Binti yangu akawa anabeba maneno ya mama wakwe wawili, huyu wa mbele, huyu wa nyuma, mpaka akasema ataomba mshahara.

Pale juu, mkwe aligeuza gari polepole, nyuma ikaangalia bonde. Akashuka. Akashika ule mlango, halafu akasimama, akaniangalia mimi kwanza. Ni mara ya kwanza aliniangalia moja kwa moja, na mimi nikasahau kugeuka.

"Fungua," nikamwambia. Mwenyewe. Bila kupitia kwa mtu.

Akafungua, polepole, si paa kama ile siku. Akaenda mbali kidogo akasimama akiangalia upande mwingine, amejifunza. Nikapanda nyuma nikalala kando ya dada yangu kwa godoro langu, miguu yetu inaangalia nje. Chini ni boma la wazazi wetu, paa limebadilika, njia ya kuni imemea msitu. Mbali kabisa, nyuma ya ukungu, kile kitu kikang'aa.

Nikamgusa dada kuona kama anapumua.

"Ni kile?" akauliza. Sauti ya kawaida, mara moja maishani.

"Ni kile."

"Nilikuwa nakumbuka ni kikubwa."

"Wewe ulikuwa mdogo."

Akalala akiangalia. Halafu akavuta pumzi, nikajua inarudi, nikaziba masikio.

"MWAMBIENI DEREVA," akasema, "asiwe na haraka ya kurudisha kile kitanda!"