Nilisema baba mkwe amekataa bomba

Admin, ficha jina langu, watoto wangu wako kwenye huu ukurasa na wanasoma. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, muuguzi mstaafu, naishi Kigera hapa Musoma na mume wangu ambaye alikuwa mwalimu. Tuna watoto watano na wajukuu. Haya sijawahi kumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio.

Nilianza kazi miaka ile ya shida, kabla ya mambo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vijana hamuwezi kujua. Sabuni ilikuwa ya foleni, mgonjwa akilazwa anaambiwa aje na shuka lake na kipande cha sabuni. Glovu tulikuwa tunafua, tunaanika, tunavaa tena. Kupiga bomba, yaani enema, kuingiza maji kwa njia ya haja kubwa, nilikujua vizuri, maana kila mama aliyeingia leba tulimpa kwanza maji ya sabuni. Wengine walilia, wakasema hospitali inadhalilisha watu. Lakini hao hao nyumbani mtoto akivimbiwa walikuwa wanampigaga bomba la mizizi uani mchana kweupe, na hakuna aliyeona ajabu. Aibu ilitegemea nani ameshika mpira wa bomba.

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ndoa. Asubuhi moja naingia zamu wodi ya wanaume, namkuta baba mkwe kitandani. Alikuwa mkulima wa pamba huko Bunda. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye alimleta kwa lori. Siku sita hajapata choo, tumbo limejaa, gumu. Daktari alimpima, akaandika apewe enema ya sabuni sasa hivi, na jioni atamwangalia tena.

Kwetu baba mkwe hapewi hata mkono. Nilikuwa namsalimia kwa magoti, kwa mbali, simtazami usoni. Hata kitanda chake nyumbani sikuruhusiwa kukigusa. Dresa wa kiume, yule msaidizi wa wauguzi aliyekuwa anafanyaga kazi hizo, alikuwa msibani. Tulibaki mimi na mhudumu mmoja mama mzee, nikamuomba anisaidie. Akasema, "Mimi nadeki tu mwanangu, hiyo sijasomea."

Nikachemsha maji, nikayeyusha sabuni, nikavuta pazia. Baba mkwe akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni. Akasema polepole, "Mama, maumivu yameshinda aibu. Hapa wewe ni nesi, siyo mkwe. Fanya."

Nilisimama na kopo la maji ya sabuni mpaka yakapoa. Nilikuwa nawaza wataniitaje huko Bunda. Nikamwambia, "Baba, siwezi. Tumsubiri dresa." Akageukia ukutani. Hakuniomba tena.

Shemeji alikuwa nje kwenye benchi. Akaniuliza, "Shemeji, tayari?"

Nikamjibu, "Baba amekataa. Hataki kuguswa na mkwe wake."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliona ni rahisi zaidi ya kusema ni mimi. Akasema, "Basi namrudisha nyumbani. Kuna mzee huko anapigaga bomba la mizizi, mwanaume kwa mwanaume." Ningeweza kumwita daktari, ofisi yake ilikuwa hatua chache tu. Sikumwita. Walipomtoa nikakunja shuka, nikaendelea kupima wagonjwa joto.

Alikufa siku ya pili. Ile mizizi ilikuwa mikali, aliharisha damu mpaka akaisha. Mume wangu alikuwa anafundisha shule moja upande wa Butiama, akafika amekuta mwili.

Msibani shangazi yao alisimama mbele ya watu wote akanionyesha kwa mkono. "Mnamwona huyu? Amesoma, ana kazi ya serikali, lakini hakuvunja heshima ya baba mkwe wake. Muigeni." Nikapewa mbuzi jike. Nilipiga magoti nikashukuru. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Wiki iliyofuata nilirudi kazini, nikampa enema mzee mwingine wa umri ule ule, nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai.

Mume wangu hajamsamehe mdogo wake mpaka kesho. Anasema alimtoa baba hospitali akampeleka kuuawa. Hawaongei, hawazikani, harusi za watoto wetu hakualikwa hata moja. Shemeji alijitetea mara moja tu, akasema, "Baba mwenyewe alikataa, muulize mkeo." Mume wangu akanigeukia, nikaitikia kwa kichwa. Akamwambia, "Hata kama alikataa, ungembembeleza."

Mwezi uliopita binti wa shemeji alipiga simu. Baba yake ana kansa, hospitali wamemrudisha nyumbani, anaomba kumuona kaka yake. Mume wangu akajibu, "Akamuombe baba msamaha huko anakokwenda." Akakata simu, akaendelea na uji wake. Mimi nikamwongezea sukari.

Juzi nilipanda basi kwenda Bunda peke yangu, nikaaga kwamba nakwenda kwenye kikundi cha akina mama. Shemeji amekwisha, amebaki mifupa. Akanishika mkono akasema, "Shemeji, nakuuliza wewe maana ulikuwepo. Ningesubiri mpaka jioni, baba angepona?"

Nikamwambia, "Sijui."

Nikarudi Musoma, nikapika, tukala.

Nikisema ukweli, mume wangu atajua ameishi na nani miaka yote hii, na ameshazeeka, ana presha. Watoto nao watajua. Nikinyamaza, shemeji anaingia kaburini na kosa langu mimi. Binti yake ananiambia ni suala la siku tu. Ninyi ambao hamnijui, niambieni bila kunionea huruma: nianze na yupi kati ya mume wangu na shemeji, na nianzeje?