Nilimpa dani wa Rangwe mbwa bure, akakataa kuwa mwenyewe

Wakuu, hamjambo. Hii ni ndefu kidogo na yote ilinitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mkifika mahali mkaona sijaeleza vizuri, jueni ni kwa sababu hata mimi bado sijaelewa.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Migori. Nina cherehani mbili na chumba kimoja kwa plot, kazi mbele, kitanda nyuma ya pazia. Mjaluo ndio, lakini nimezaliwa na kulelewa Nakuru, kwa hivyo mila ninazozijua ni za matanga peke yake.

Sasa, mwaka jana nilienda Rongo kupeleka sare za kwaya. Nikapata mbwa amefungwa na waya kwa nguzo ya kibanda. Wenye kibanda walikuwa wamehama, majirani wanasema ni siku ya nne. Shingo imechubuka, mbavu zote zinaonekana, na watu wanapita tu.

Nikauliza, "Huyu mbwa ni wa nani?"

Mama muuza nyanya akanijibu bila kuinua kichwa, "Si wewe umeuliza? Basi ni wako."

Wueh. Nikarudi Migori na mbwa.

Nikamwita Bosco. Daktari wa mifugo akamdunga ile sindano ya kichaa, akampa dawa ya minyoo, akaniambia huyu bado ni mtoto, atakuwa mkubwa sana. Mimi nikacheka. Baada ya miezi mitatu alikuwa akisimama kwa miguu ya nyuma ananiwekea ile ya mbele kwa mabega. Ugali na omena anamaliza sufuria nzima, halafu anakuangalia wewe.

Na si mkali! Hapo ndipo shida ilikuwa. Mbwa mkali watu wanamheshimu. Bosco anapenda binadamu. Customer akiingia kupimwa anarukiwa na kulambwa uso mpaka masikio. Kamba ya nguo ya plot aliangusha mara mbili. Kuna siku alipita katikati ya soko na blausi ya mke wa landlord mdomoni, anakimbia kwa furaha, watu wanashangilia, na mimi nyuma yake na makasi mkononi.

Landlord ni mzee mpole. Alikuja akaniambia, "Binti yangu, sina ubaya na wewe. Lakini mwezi ukiisha, ni mbwa ama ni wewe."

Jirani wa chumba cha tatu yeye hakuwa na upole. Alisema mbele ya watu kwamba atamwekea sumu kwa nyama. Sikuchukua kama mzaha, kwa sababu paka wa plot ya nyuma alikufa hivyo hivyo. Nikaanza kumfungia Bosco ndani kutwa nzima. Anakwaruza mlango, analia. Mimi niko kwa cherehani nalia pia, customer anadhani nimefiwa.

Nikapost kwa kila group. Swali ni moja tu, "Ni mkali?" Nikisema hapana, mtu anapotea. Mmoja alitaka amfunge mnyororo kwa yadi ya mbao maisha yake yote. Nikamblock.

Mwishowe mteja wangu mmoja, tumuite Baba Odhis, ambaye huleta mahindi hapa na pickup kila Jumanne, akaniambia kuna dani, yaani nyanya mmoja, jirani yake kule Rangwe. Anaishi peke yake kwa boma kubwa, watoto wako mbali, na ameibiwa mbuzi. Anataka mbwa. Nikamwambia ukweli kwamba huyu hana ukali. Akasema haina shida, mwizi akiona huo mwili hatangoja kuulizia tabia.

Jumanne iliyofuata dani akaja mwenyewe. Mrefu, mwembamba, kitenge kichwani, na mkononi amebeba kuku amefungwa miguu. Bosco akaruka. Nikafunga macho.

Nikasikia tu dani akisema, "Bed piny!"

Nafungua macho, Bosco ameketi. Mimi kitu hiyo nilikuwa nimejaribu nusu mwaka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza!

Dani akaninyooshea kuku, akaniita mtoto wake. "Nyathina, shika."

"Hapana dani, simuuzi. Ni bure kabisa."

"Shika tu."

"Dani, hiyo kuku ikutagie mayai. Mimi nataka tu Bosco apate nyumba."

Akaniangalia sana. Akamgeukia Baba Odhis, na Baba Odhis akaangalia viatu vyake. Basi kuku ikarudi kwa pickup, Bosco akapandishwa, wakaenda. Nililia kidogo, lakini pia nilijiona mtu mzuri ajabu. Mama mzee, kuku yake moja, nimemwachia.

Kesho yake simu ikalia. "Mbwa yako amefika salama. Nimpe nini ale?"

Siku ya pili. "Mbwa yako ameingia kwa shamba la sukuma. Nimfukuze ama nimwache?"

Siku ya tatu. "Mbwa yako ana kupe. Nimtoe?"

Kila siku, wakuu. Kila siku! Kwanza nilidhani ni upweke. Halafu nikadhani anataka msaada na anaona aibu kusema, nikamuuliza kama nitume kitu kidogo cha chakula. Haiya! Dani aliwaka. "Mimi ni mtu wa kukosa ugali?" Akakata simu. Nikajua nimemkosea na hatapiga tena.

Kesho yake asubuhi. "Mbwa yako anabweka. Anataka nini?"

Nilichanganyikiwa kabisa. Nilimwambia amfanye vile anataka. Akanijibu hawezi. Nikauliza kwa nini, akasema "wewe unajua," na mimi sijui kitu!

Wiki ya tatu akapiga Baba Odhis. Sauti tu ikanishtua. Bosco alikuwa amekimbiza kondoo za jirani, moja imeanguka kwa mtaro na kuvunjika mguu. Vijana wameshika mawe. Mzee wa kijiji amewazuia, kwa sababu dani amesema mwenye mbwa yuko Migori na lazima angojwe. Nikafunga duka hivyo hivyo, gauni la mtu likiwa nusu.

Nikafika nikamkuta Bosco amefungwa kwa mti, mkia kati ya miguu. Watu wamemzunguka. Dani ameketi kwa stuli, haangalii mtu.

Mzee wa kijiji akauliza, "Hii mbwa ni ya nani?"

"Ya huyu msichana," dani akasema.

"Dani! Si nilikupa?"

"Hukunipa. Uliniachia nimchunge."

Nikapandwa na hasira. Nikasema mbele ya kila mtu kwamba nilimpa bure, hata kuku yake nilikataa. Hapo watu wote wakanung'unika mara moja, "Aaah!" Hata wale wa mawe wakatingisha kichwa. Mimi nimesimama tu, sijui nimetukana nani.

Baba Odhis akanivuta kando. Akaniambia huku mbwa hapokelewi mkono mtupu. Anayemchukua lazima atoe kitu, hata kidogo, na mwenye mbwa apokee. Usipopokea, mbwa bado ni wako. Dani hangeweza kumchapa wala kumfundisha, maana kuchapa mbwa ya mtu ni kutafuta ugomvi. Zaidi ya hapo, mbwa wa namna hiyo hatulii.

"Na wewe siku ile ulinyamaza kwa nini?"

"Ulikuwa unaongea kama mtu anajua," akasema.

Basi nikarudi, nikaomba msamaha. Mbwa alikuwa wangu, hasara ikawa yangu. Mwenye kondoo alikubali nimshonee watoto wake wanne sare za shule. Halafu dani akainuka, akaingia ndani, akatoka na njugu zimefungwa kwa kitambaa. Nikapokea na mikono miwili, nikasema ero kamano, asante, sikubishana tena.

Hapo hapo akamfungua Bosco, akampiga kofi moja ndogo kwa pua, akamwambia kwa Kijaluo maneno mengi sana. Akampa jina lingine, Jarit, yaani mlinzi. Mawe yakawekwa chini. Mbwa akamfuata nyuma ya nyumba na hakugeuka.

Tangu siku hiyo simu ikanyamaza. Wiki moja. Wiki mbili. Nikapiga mimi.

"Dani, Bosco anaendelea aje?"

"Nani?"

"Mbwa."

"Aaa. Mbwa yangu ako sawa." "Ulikuwa unataka nini?"

Nikasema nilikuwa nasalimia tu.

Baba Odhis ananiambia siku hizi mbwa anaenda na dani mpaka sokoni, analala kando ya kapu, kondoo wanapita hata hainui kichwa. Mbwa huyo huyo wa blausi! Ni njugu zimembadilisha? Mimi nasema ni kwa sababu dani sasa ana haki ya kumkanya. Baba Odhis anasema hilo ndilo alikuwa ananiambia tangu mwanzo. Nikifikiria naona tunasema kitu kimoja, halafu tena naona hapana.

Nilichojifunza ni kwamba ukimpa mtu kitu, naye mwache atoe chake. Nilijiona mkarimu, kumbe nilikuwa nimemnyima dani mbwa. Ilibaki kidogo tu Bosco afe kwa ajili ya wema wangu.

Mnaotoka mahali mbwa ama paka hapokelewi bure, nielezeni kwenu inakuwaje. Na wa kunicheka pia nafasi ipo. Lakini yeyote aliyewahi kupeana mbwa akafaulu, naomba aniambie hii kitu ya kummiss huisha lini, kwa sababu jana nimeshika simu nipige Rangwe, nikakumbuka sina la kuuliza, nikairudisha mezani.