Filme Inaanzia Pale Sisi Tulipomalizia

Kwa miaka mingi mimi na yaya, dada yangu mkubwa, tuliamini kwamba watu wa siku za mbele watakuwa wanajibu kabla ya kuulizwa. Tulisoma hivyo katika kitabu. Mtu mmoja anasema, "Hapana, sina kiu," na kwenye picha inayofuata mwenzake anamuuliza, "Unataka kunywa?" Tulidhani ndio ufundi wa mchoraji. Kitabu kilikuwa cha Wajapani, na mambo yake yote yalikuwa mageni kwetu: miguu ya chuma, miji iliyofukiwa na mchanga, mashine kubwa kuliko zile zinazopita barabara ya mgodi. Hata namba za kurasa, zile chache zilizoandikwa, zilikuwa zinapungua badala ya kuongezeka. Yaya alisema ni vile wanavyohesabu roketi kabla haijaruka, na mimi niliona ana akili.

Yaya anasuka nywele mtaa wa Dilala, kwenye baraza la nyumba ya zamani ya kampuni ya mgodi, na mimi ninauza chai na mikate pembeni yake. Kitabu tulikikuta sokoni kwa mama mmoja muuza karanga, aliyekuwa anakichana ili afungie karanga zake. Jalada lilikuwa limeshaondoka, pamoja na kurasa za mwanzo na za mwisho. Kifaransa chetu ni cha shule ya msingi, changu kikiwa chini zaidi. Lakini picha zilituambia karibu yote, au tuseme tulifikiri zimetuambia.

Hadithi, kama tulivyoisoma, ilikuwa hivi. Dunia imekaukiwa na maji. Msichana yuko peke yake kwenye kisima, anajaza bidoni, yaani dumu lake la maji, anashika njia. Mbele anamkuta mtu amekufa. Mtu yule anafumbua macho, anasimama, wanaenda pamoja. Mbele tena, mwingine. Halafu baba yake anatoka ndani ya mchanga: mkono kwanza, kisha kichwa, kisha mguu wake wa chuma. Mwishoni wote wamefika nyumbani, wanacheka, na mama yake anapika. Sijasoma vitabu vingi, kwa hiyo neno langu si zito, lakini mwisho mzuri kama ule sijauona tena.

Yaya akawa anaisimulia kwa wateja. Nywele ndogondogo zinakula nusu ya siku, na mtu anachoka kukaa. Walikuja hata akina mama wa mtaa wa Kapata, wakiwapita wasukaji wengine njiani. Nikisema ukweli, karibu na soko wako wanaosuka vizuri kuliko yeye. Watu walifuata hadithi.

Akifika pale pa baba na mchanga, mikono yake ilikuwa inapunguza mwendo. Mume wake alibaki chini ya ardhi mtaa wa Kasulo, kwenye shimo la mawe ya batri lililochimbwa ndani ya nyumba ya jirani, na hawakuweza kumtoa. Yaya hajaniambia hata siku moja kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Labda ni mimi ninayeyafunga pamoja, na sina haki hiyo. Ninachojua ni kwamba ukurasa ule umechakaa kuliko kurasa zote.

Wiki hii motard mmoja anayeegesha pikipiki yake mbele yetu, na kunywa chai yangu kila asubuhi, alikuja ameinua telefone.

"Yaya, kuya umone. Banatengeneza filme ya kile kitabu yako."

"Kitabu gani?"

"Ile ya mayi. Ya bale bantu ba miguu ya chuma. Filme ya makuta mingi, yaya, si ya kuchezea."

Filme yenyewe bado haijatoka. Lilikuwa tangazo tu, kipande kifupi cha kutuonjesha. Tukainama juu ya telefone: yaya na kitana mkononi, mteja wake kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, na mimi na birika.

Mchanga ule ambao kwenye kitabu ulikuwa nukta nyeusi, hapa ulikuwa unatembea, una rangi kama ya vumbi letu la kiangazi. Mguu wa chuma ulilia ukiingia ndani yake, mlio ambao miaka yote tulikuwa tunausoma kwa herufi tu. Bidoni ya msichana ilikuwa imebonyea upande uleule kama katika kitabu. Hapo nilitaka kumshika mtu mkono nimshukuru. Watu wenye fedha zote zile wangeweza kumpa bidoni mpya, nani angejua? Wamekitazama kitabu kwa heshima, kitabu ambacho kwetu kilikuwa kinafungiwa karanga.

Mteja naye alikuwa na lake. "Ile mashine inatembea na batri, haina vile? Basi ni mawe ya Kasulo. Bangetutumia hata salamu."

Tulicheka. Yaya hakucheka. Tangazo lilikuwa limeanza na watu nyumbani, mama anapika, halafu wakatoka wakaingia jangwani.

"Juu ya nini banaanzia ku mwisho?" akauliza.

Motard akamtazama. "Haiko mwisho, yaya. Njo mwanzo. Manga, bile bitabu bya picha bya Bajapani, banasomaka kutoka kuume, banaenda kushoto. Nyuma ya kitabu yetu, ni mbele ya kitabu yao."

"Kumbe," mteja akasema. "Miaka yote hii unatufufulia bantu bafu bure."

Nisimseme vibaya motard. Alisema kwa upole, na alisema kweli. Tangu wakati huo nimekifungua kitabu kwa njia yake na namba zinapanda. Mteja pia alikuwa anatania tu. Lakini niliuona uso wa yaya, na nilitamani telefone ile iishiwe umeme.

"Na baba yake?" akauliza.

"Anaingia mu mchanga. Anamusukuma mutoto mbele, ye anabakia."

"Rudisha pale."

Akarudisha. Kwenye tangazo unaona mkono peke yake juu ya mchanga, muda wa kupepesa jicho, huwezi kujua unatoka au unaingia. Yaya akamwomba tena, na tena.

"Mega zangu zinakwisha, yaya," motard akalalamika, lakini akarudisha.

Kisha yaya akarudi nyuma ya kiti, akagawa nywele. Nadhani mteja alijutia utani wake. "Sasa mi utaniachaka nusu-nusu?" akasema. "Kichwa nusu, hadithi nusu?"

Niliogopa kwamba hatasimulia tena. Nikamwambia, "Yaya, sema tu vile ulizoea. Hapa nani atakuuliza?"

"Hapana. Ile filme itafika, kila muntu ataiona mu telefone yake. Na ule mwenye kuchora alijichokesha. Niseme vile alichora."

Akaanza, kwa mara ya kwanza, mahali ambapo siku zote alikuwa anamalizia. Alipika kwa maneno chakula kile cha mama, pole pole, na sasa nikaelewa kwa nini sufuria ilikuwa imejaa vile: ndicho chakula cha kuagana. Wakaingia jangwani. Mtoto akamuuliza baba, "Unataka kunywa?" Baba akajibu, "Hapana, sina kiu." Miaka yote sikujua kwamba baba yule alikuwa anadanganya ili mtoto anywe. Mchoraji alikuwa ameiweka wazi pale, sisi tukapita juu yake tukicheka watu wa siku za mbele. Nilimheshimu mchoraji yule asiyetujua kuliko siku zote.

Wakaanza kuanguka, mmoja mmoja. Kwenye mchanga mikono ya yaya ikasimama kabisa.

"Anaingia," akasema. "Mguu. Kichwa. Mkono."

Akashika nywele tena, akaendelea. Mtu mmoja alimwita motard toka ng'ambo ya barabara, naye akampungia mkono asubiri. Yaya akampeleka msichana mpaka kisimani, peke yake, bidoni ikajaa. Sikuwahi kumsikia akisimulia vizuri vile, na hakuongeza hata neno la kujitetea.

Mteja ndiye aliyeuliza, "Na kisha?"

"Kisha nini? Ile mayi haiko ya kunywa palepale. Mama yake anangoya ku nyumba. Anabeba bidoni, anarudia mu njia ile ile."

"Na baba yake?"

"Si unajua mwenyewe? Nilikuambiaka siku ya kwanza ulikuya."

Motard alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki. "Yaya," akasema taratibu, "ile haiko mu kitabu."

"Najua," yaya akasema. "Na mu filme haitakuwamo. Mama, geuza kichwa."