Gari la Mwalimu au Banda la Kuku

Jumamosi nilipita Mandewa nikamkuta mwalimu mstaafu yuko chini ya gari lake la enzi za uhuru, miguu tu ikionekana. Mkewe alisimama pembeni na tenga la kuku.

"Wenzako wanaagiza magari Japani. Hili lisipowaka leo, kuku wangu wanahamia humo."

Mwalimu akatoka, akafuta grisi mikononi, akawasha. Likakohoa, likazima. Mama akaanza kufungua tenga. Mwalimu akawasha tena. Likanguruma mpaka mimi, niliyeitwa kusukuma kwa heshima ya kitambi changu, nikacheza peke yangu.

Mama akatua tenga, akaketi kiti cha mbele. "Twende sokoni."

"Tushike njia ya mkato?"

"Zungukia Mwankoko. Kule hawajatuona."

Ndoa nayo ni soko huria, wasomaji: gari la mzee, njia anachagua mama.